Lita saba na nusu: shajara ya mradi wa daftari la maziwa, Moshi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Tumerudi Moshi mjini saa moja usiku, viatu vimejaa tope la Machame. Kazi tumekabidhiwa. Kikundi ni cha akina mama wafugaji, mia moja na kitu, kila mmoja na ng'ombe wake mmoja au wawili wa zizini, wanaolishwa majani na migomba ya kihambani, shamba la nyumbani. Maziwa yanaletwa kituoni mara mbili kwa siku, alfajiri na jioni. Karani anachovya laktomita, kipimo cha kujua kama maziwa yametiwa maji, anamimina kwenye ndoo ya kipimo, anaandika lita kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Mwisho wa mwezi mhasibu anajifungia siku tatu na kikokotoo.

Mama mwenyekiti hakutupa waraka wowote. Baada ya shikamoo na chai ya maziwa alisema hivi: "Mwanangu, nataka kila mama aone lita zake kwenye simu yake, siku ile ile. Tumechoka kugombana na karani kila tarehe thelathini."

Njiani kwenye Hiace, tangu Kwasadala mpaka stendi, nilikuwa nikiyafikiria maneno mawili tu: simu yake. Pale foleni ya jioni niliomba kila mama anionyeshe simu aliyonayo. Nimeona simu janja mpya, nimeona ya mwaka 2015 yenye kioo kilichofungwa kwa gundi ya karatasi, nimeona iPhone 7 ya mtumba ya mhasibu, nimeona kitochi chenye KaiOS, mfumo wa simu za vitufe, na mama mmoja anatumia Opera Mini, kivinjari cha kubana data, kwa kila kitu kwa sababu bando linadumu. Ofisini kwao kuna kompyuta yenye Windows 7. Hiyo ndiyo hadhira yangu. Programu ya kupakua imetoka mezani leo leo, maana nusu ya simu hizi hazina nafasi hata ya picha. Itakuwa programu ya wavuti, ifunguke ndani ya kivinjari (programu ya kufungulia kurasa, kama Chrome) chochote mama alicho nacho.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekodi simu. Mafundi simu wa karibu na stendi wana droo zilizojaa simu ambazo wenyewe hawajazifuata, pamoja na zile wanazouza mtumba. Nimeelewana na mmoja: ananiazima nne kwa wiki kadhaa, namlipa kila Ijumaa, na nikiharibu nalipa. Kuna huduma za mtandaoni zinazokupa simu za mbali za kujaribia, ila zinalipiwa kwa dola, na kwa intaneti yetu ya hapa Majengo kila mguso ungechukua sekunde tatu. Kisha simu ya mbali haina kidole chenye maji ya maziwa.

Kwa hiyo mezani kuna vifaa sita: Android ya karibuni yenye Chrome mpya, Android 5 yenye Chrome iliyokwama toleo la 74 kwa kukosa nafasi ya kusasisha, iPhone 7 ya mhasibu (amekubali tuwe nayo kila Jumamosi), kitochi cha KaiOS, simu yenye Opera Mini, na kompyuta ndogo ya zamani niliyoiwekea Windows 7 ili ifanane na ya ofisini kwao.

Kijana wetu wa fildi amebandika karatasi yenye namba nyuma ya kila kifaa. Kuanzia leo hakuna kitu kinachoitwa "kimekamilika" mpaka kipite kwenye vyote sita.

Jumanne, 11 Machi

Ukurasa mweupe.

Ukurasa wa karani ulikuwa unakwenda vizuri kwenye simu namba moja: unachagua jina la mama, unaandika lita, unabonyeza Hifadhi, jumla ya kituo inapanda palepale juu. Nikaufungua kwenye namba mbili, ile ya Android 5. Mweupe. Hakuna kitufe, hakuna ujumbe wa kosa, hakuna chochote. Nimepoteza asubuhi nzima nikidhani ni seva, ile kompyuta ya mbali inayohifadhi data yetu.

Sababu ni alama mbili za JavaScript, lugha ya programu inayoendesha kurasa za wavuti: kiulizo na nukta, ?. ambayo tunaitumia kuuliza kitu ndani ya kitu bila kuhofia kwamba cha nje hakipo. Chrome iliijua kuanzia toleo la 80, Februari 2020. Kivinjari cha toleo la 74 kikikutana nayo kinaona sarufi kisiyoijua, na hapo ndipo penye ugumu ambao nilitaka kijana wa fildi aushike vizuri. Kivinjari husoma faili lote kwanza kabla ya kutekeleza mstari wowote. Alama moja kisiyoielewa hukifanya kikatae faili zima, mfano wa karani anayerudisha barua ya kurasa kumi bila kuisoma kwa sababu ya neno moja. Hata ile sehemu niliyoandika ya kukamata makosa haikuamka, kwa sababu nayo ilikuwa ndani ya barua hiyo hiyo.

Kuna aina mbili za upungufu, na dawa zake ni tofauti. Upungufu wa sarufi, kama huu, unatibiwa kwa kuutafsiri msimbo kabla haujapelekwa: unaandika kwa sarufi ya leo, programu ya Babel inaugeuza uwe wa zamani. Upungufu wa kazi, yaani kivinjari kinaelewa sentensi lakini hakina chombo unachokiomba, unatibiwa kwa kiraka: unaleta chombo chako mwenyewe. Ukitumia kiraka mahali pa tafsiri, hujafanya kitu.

Nilijaribu kwanza njia inayopendekezwa sana, ya kutengeneza mafaili mawili: jipya kwa vivinjari vinavyojua moduli, yaani namna mpya ya kupakia msimbo, na la kizamani kwa vingine. Haikunifaa. Chrome inajua moduli tangu toleo la 61, hivyo namba mbili inachukua faili jipya kwa kujiamini, kisha inakufa kwenye ?. ileile. Nimeamua faili moja tu, lililotafsiriwa mpaka kiwango cha mwaka 2009 ambacho kila kifaa hapa mezani kinakielewa. Limenenepa. Kesho nitalikonda kwa kuondoa maktaba (msimbo uliotengenezwa na wengine) ya tarehe na ya michoro, ambazo hatuzihitaji kihivyo.

Jambo la mwisho la leo: juu kabisa ya ukurasa, kabla ya kila kitu, nimeweka skripti fupi ya mistari saba iliyoandikwa kwa sarufi ya zamani kabisa. Kazi yake ni kusikiliza kosa lolote na kulituma kwenye seva pamoja na jina la kivinjari. Sina Mac ya kuchungulia ndani ya iPhone, na siwezi kuwa Machame kila alfajiri. Skripti hiyo ndiyo jicho langu.

Jumatano, 12 Machi

Umeme umekatika tangu saa nne, tumekaa barazani. Kijana wa fildi ameuliza swali ambalo nalipenda: "Dada, lugha ni moja, JavaScript. Kwa nini kila kivinjari kina lahaja yake?"

Nimemwambia kama ninavyoijua. Brendan Eich aliiandika lugha hii Mei 1995 kwa siku kumi, akiwa Netscape. Mwaka uliofuata Microsoft wakatengeneza ya kwao kwa kuiangalia ile, wakaiita JScript, wakaiweka ndani ya Internet Explorer 3. Kiwango cha pamoja, ECMA-262, kilikuja Juni 1997, wakati nyumba mbili zimeshajengwa na kila moja ina watu ndani. Tena kiwango hicho kinahusu lugha yenyewe tu. Namna ukurasa unavyopokea mguso, unavyohifadhi data, unavyofungua kibodi, hayo yamo kwenye nyaraka nyingine, na kila timu ya injini, sehemu ya kivinjari inayosoma na kutekeleza msimbo, inayatekeleza kwa mpangilio wake. Ndiyo maana kwa miaka mingi watu waliandika tukio moja mara mbili, addEventListener kwa hawa na attachEvent kwa wale, mpaka Internet Explorer 9 ilipokubali ya wengine mwaka 2011. jQuery ya mwaka 2006 ilipendwa kwa sababu hiyo: ilibeba utofauti huo kwa niaba yako.

Siku hizi injini kubwa zimebaki tatu, ya Chrome, ya Firefox na ya Safari, na zinakubaliana kuliko zamani. Tatizo letu huku ni la umri. Simu inayouzwa mtumba Moshi leo imebeba kivinjari cha mwaka fulani uliopita, na miaka yote hiyo iko mezani kwa pamoja.

Jumanne, 18 Machi

Siku ngumu kuliko zote mpaka sasa.

Tangu Jumamosi karani anaandika sehemu mbili, daftari la karatasi na simu, kwa majaribio. Leo mchana nimelinganisha. Daftari: lita 7.5. Seva: 7. Nikashuka mstari mwingine. Daftari 5.5, seva 5. Mwingine 9, seva 9. Mwingine 6.25, seva 6.

Nimepiga simu kituoni, nikamwomba karani aandike lita saba na nusu kama anavyoandika kila siku, anisomee anachokiona. Akasema: "Saba, mkato, tano." Mkato! Kibodi yake ya namba inampa mkato mahali ambapo mimi kwenye yangu napata nukta.

Nilikuwa nimeweka kizuizi cha kuruhusu tarakimu na nukta tu. Kizuizi kilisikiliza kila kitufe kinachobonyezwa na kuangalia namba yake. Kwenye kompyuta kilifanya kazi bila kasoro. Kwenye Android, kibodi ya skrini haitoi namba ya kitufe kama kibodi ya mezani inavyotoa. Mara nyingi kila kitufe kinakuja na namba moja, 229, maana yake ni "kibodi bado inashughulikia". Kwa hiyo mlinzi wangu alikuwa amesimama getini akiona watu wote wana sura moja, na akawapitisha wote. Kisha maandishi "7,5" yakafika kwa parseFloat, kazi ya kugeuza maandishi kuwa namba, ambayo husoma mpaka inapokutana na kitu isichokijua, ikaacha hapo. Ikanirudishia 7. Hakuna kosa lililotangazwa popote. Laiti ningetumia mwenzake, Number, ingenirudishia jibu lisilo namba na ningejua siku ile ile.

Nimekaa nikapiga hesabu. Nusu lita, mara mbili kwa siku, siku thelathini, ni lita thelathini za mama mmoja. Hizo ni pesa za sabuni, za daftari la mtoto, za dawa ya kupe. Na angekuja tarehe thelathini kugombana na karani, karani angemwonyesha simu, na simu ingesema kwa uhakika kabisa kwamba mama anadanganya. Daftari la karatasi lilikuwa na makosa, lakini kila mtu alijua ni mkono wa binadamu. Tarakimu ya kwenye skrini watu wanaiamini. Sikupata hamu ya chakula cha mchana.

Nilichofanya. Kizuizi cha vitufe nimekifuta chote. Sasa nasikiliza tukio la input, linaloniambia maandishi yalivyo baada ya kubadilika bila kujali kibodi gani imeyaleta. Mkato unageuzwa nukta. Ikiwa nukta zimezidi moja, kitufe cha Hifadhi kinafungwa na ujumbe unatokea. Uga, yaani kisanduku cha kuandikia, nimeuacha wa maandishi wenye kuomba kibodi ya desimali, sikuufanya wa aina ya namba, kwa sababu uga wa aina ya namba ukipewa kitu usichokielewa unarudisha utupu, na siwezi kujua karani aliandika nini. Kwenye seva hatuhifadhi tena 7.5. Tunahifadhi mililita, 7500, namba kamili, ili jumla ya mwezi isije ikazaa videsimali vya ajabu kama vile vinavyotokea kila kivinjari kinapojumlisha 0.1 na 0.2.

Na juu ya kitufe, kwa herufi kubwa, sasa kunatokea maneno: "lita saba na nusu". Karani anayasoma kwa sauti, mama aliyesimama mbele yake anayasikia, ndipo anabonyeza. Nadhani hii ndiyo sehemu bora kuliko zote nilizoandika kwenye mradi huu.

Alhamisi, 20 Machi

Tumepanda tena. Tumepitia daftari mstari kwa mstari na karani, tumerudisha kila nusu na kila robo. Nimewaeleza akina mama foleni nzima kilichotokea na kwamba kosa lilikuwa langu, si la karani. Mama mwenyekiti akasema, "Umekuja kusema kabla hatujakuuliza. Endelea."

Jumanne, 25 Machi

Tarehe na saa. Nilijua zitakuja.

Mhasibu ametupa jedwali la zamani tuliingize. Ameandika tarehe kama sisi sote tunavyoandika, siku kwanza: 4/3/2025. JavaScript inaahidi kusoma kwa namna moja muundo ule tu wa mwaka-mwezi-siku. Mingine kiwango kimewaachia wenye vivinjari waamue, na desturi waliyoirithi ni ya Kimarekani, mwezi kwanza. Matokeo: maziwa ya tarehe 4 Machi yameandikwa 3 Aprili, siku ambayo bado haijafika. Ya tarehe 13 na kuendelea yamekataliwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu. Hayo yaliyokataliwa ndiyo yaliyoniokoa. Kama jedwali lingeishia tarehe 12 nisingeona kitu.

Kingine: nilikuwa nikituma "2025-03-25 06:40" kutoka kwenye seva, pengo katikati. Chrome inaipokea. iPhone ya mhasibu inasema si tarehe. Muundo unaokubalika una herufi T mahali pa pengo, kosa ni la mstari wangu. Na tarehe tupu bila saa inahesabiwa kwa saa za dunia, hivyo kwetu inakuwa saa tisa usiku. Nimeacha kumpa kivinjari kazi ya kusoma tarehe. Naikata mwenyewe vipande vitatu, mwaka, mwezi, siku, kisha naijenga.

Saa nayo ina utamaduni wake. Niliweka uga wa saa. Karani aliandika 12:30, maana maziwa yalifika saa kumi na mbili na nusu alfajiri, na kivinjari kikaandika mchana. Hakukosea yeye hata kidogo. Nimeuondoa uga wote, nimeweka vitufe viwili vikubwa: Asubuhi, Jioni. Mama hahitaji dakika, anahitaji kujua mkamuo upi.

Alhamisi, 27 Machi

Madogo mawili. Kitufe cha Hifadhi kilijificha chini ya skrini kwenye simu namba moja, kwa sababu urefu wa 100vh, yaani wa skrini nzima, unahesabiwa kana kwamba upau wa anwani haupo. Nimekitoa kule chini, nimekiweka mara baada ya uga wa lita. Na kwenye Windows 7 orodha ya mhasibu haikupangika: toSorted, kazi ya kupanga orodha, ilikuja na Chrome 110, na Chrome ya mwisho kwa Windows 7 ni 109. Toleo moja tu! Nimerudi kwenye sort ya kawaida juu ya nakala.

Jumatano, 2 Aprili

Wiki hii ni ya kukosa mtandao. Mvua ikishika kule juu, mtandao unakwenda na kurudi, na mama aliyebeba ndoo kichwani hawezi kusubiri.

Kila pokezi sasa linaandikwa kwanza kwenye hifadhidata ya ndani ya kivinjari, IndexedDB, kisha ndipo linatumwa. Chrome ina njia ya kutuma nyuma ya pazia mtandao ukirudi hata kama ukurasa umefungwa, lakini Firefox na Safari hawana, kwa hiyo siitegemei. Natuma ukurasa unapofunguliwa, karani anapobonyeza Hifadhi, na kila dakika ukiwa wazi.

Kivinjari kinaweza kukuambia kama kiko mtandaoni, kupitia navigator.onLine. Nimejifunza kwamba jibu la "ndiyo" lina maana tu ya kwamba simu imeshika mtandao fulani. Jana jioni bando la karani liliisha. Mistari ya mtandao kwenye skrini ilikuwa imejaa, kivinjari kikasema kiko mtandaoni, na hakuna kilichopita. Sasa sikiulizi. Naagiza jibu dogo kutoka kwenye seva yetu, likichelewa sekunde nane naandika juu ya skrini: "Yamehifadhiwa kwenye simu, bado hayajatumwa", na idadi yake. Karani ameniambia mstari huo ndio anaouangalia kabla ya kufunga kituo.

Kisha yakaja marudio. Ombi lilifika kwenye seva, jibu likapotea njiani, simu ikatuma tena, mama mmoja akapata lita kumi na tano kwa saba na nusu. Kila pokezi sasa lina namba yake ya pekee inayozaliwa kwenye simu kabla ya kutumwa. Seva ikiiona mara ya pili inajibu "nimekwisha kupata" bila kuongeza. Kazi ya kisasa ya kuzalisha namba hizo haipo kwenye Chrome 74, nimeiandika kwa mkono juu ya kazi ya zamani zaidi ambayo hata Chrome hiyo inayo.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku ya iPhone. Jicho langu liliripoti ukurasa mweupe mwingine, safari hii kwa mhasibu peke yake. Maktaba niliyoileta ya kupanga tarakimu za shilingi ilikuwa na kanuni ya kutafuta maandishi inayotazama nyuma. Safari ilianza kuikubali kwenye 16.4, Machi 2023, na iPhone 7 inaishia iOS 15. Kubadilisha kivinjari hakusaidii, kwani vivinjari vyote kwenye simu ile vinatumia injini ileile ya Safari. Na Babel haiwezi kuitafsiri kanuni ya aina hiyo. Nimeitoa maktaba, nimeandika mistari sita inayoweka mkato kila tarakimu tatu.

Pia nimemwekea mhasibu ukurasa kwenye skrini ya mwanzo. Tangu mwaka 2020 Safari hufuta kile ambacho skripti imehifadhi ikiwa mtu ametumia kivinjari siku saba bila kuugusa ukurasa, ni hatua ya kuzuia wafuatiliaji. Uliowekwa skrini ya mwanzo haukumbwi na hilo. Mhasibu huja mwisho wa mwezi tu, angekuta patupu kila mara.

Jumatano, 9 Aprili

Ukurasa wa akina mama. Huu ndio mama mwenyekiti alioomba siku ya kwanza, na nimeuacha mpaka leo kwa makusudi, kwa sababu nilitaka kwanza namba zenyewe ziwe za kweli.

Nilianza kuujenga kama ule wa karani, JavaScript ikichora kila kitu. Kwenye Opera Mini ya kubana data haukuwa na maana. Hapo ukurasa haufunguki kwenye simu. Unafunguliwa kwenye seva za Opera, JavaScript inaendeshwa huko kwa muda mfupi, kisha picha iliyobanwa ya matokeo ndiyo inayoshuka kwa mama. Inafanya hasa inachoahidi, kuokoa bando. Hakuna hifadhi ya ndani, hakuna kuhesabu kwa sekunde, na kila mguso wa kubadilisha kitu ni safari ya kwenda na kurudi. Kitochi cha KaiOS nacho kina injini ya Firefox 48, ya Agosti 2016, skrini ya nukta 240 kwa 320, na hakuna kugusa: mama anatembea kwa mishale.

Nimeufuta, nimeanza upya kutoka chini. Seva inatuma ukurasa uliokamilika: jina, leo asubuhi lita ngapi, leo jioni ngapi, jumla ya mwezi. Kuingia ni fomu ya kawaida ya namba ya mwanachama na namba ya siri, inayofanya kazi bila mstari hata mmoja wa skripti. Penye JavaScript ya kutosha inaongezeka: namba zinajisasisha zenyewe, na mchoro mdogo wa wiki unatokea. Isipokuwepo, hakuna anachokosa mama katika alichokijia. Ukurasa mzima una kilobaiti 9. Viungo nimevipanga vifuatane kwa mshale wa chini, na kilichochaguliwa kinazungukwa mstari mnene mweusi unaoonekana hata juani.

Kijana wa fildi ameujaribu kwenye vyote sita kwa kuuzima mtandao katikati. Sita kwa sita.

Jumatano, 16 Aprili

Jana jioni umeme ulikatika Machame, mtandao nao ukaondoka, na karani alipokea foleni nzima kwa tochi. Skrini ilimwambia ana mapokezi 83 ambayo hayajatumwa. Leo saa moja asubuhi nilikuwa mbele ya kompyuta nikiyangoja. Saa moja na dakika ishirini yakaanza kuingia. Themanini na tatu, hakuna lililorudiwa. Nimempigia karani akanisomea jumla ya daftari la karatasi: lita 512 na robo. Seva: 512.25.

Saa tatu mama wa kitochi ameangalia lita zake akiwa bado kwenye mgomba. Karani amenihadithia kwamba alimwita binti yake aje amsomee, kisha akasema hapana, naona mwenyewe, saba na nusu.

Lililobaki kwa wiki hii: kwenye skrini ya kitochi majina marefu yanasukuma safu ya jioni nje ya ukingo, na akina mama wenye majina matatu ni wengi. Kesho nakwenda stendi kumwomba fundi aniachie kile kitochi wiki moja zaidi.